Kata Elfu za Bwana Fisi

Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, na mwenye kiu akanywe kabisa, maana nikishaanza hii sisimami hata mbuzi aingie jikoni. Tayari? Haya.

Ulikuwa mwaka wa ukame katika nyika ya Kikaukeni. Ukame gani huo! Mto ulikauka mpaka samaki wakajifunza kutembea. Vyura walifunga virago wakahama bila kuaga. Wanyama walikuwa wakiamka alfajiri kulamba umande kwenye majani, kisha umande nao ukaisha, wakabaki kulambana pua.

Aliyekuwa na shida kuliko wote ni Bi Kanga. Alikuwa na kundi la vifaranga wapiga kelele, na kitindamimba wao, Kitone, alikuwa mdogo hata akisimama nyuma ya konokono humwoni. Mtu mzima akishikwa na kiu hulalamika. Kifaranga akishikwa na kiu hunyamaza. Na Kitone alikuwa ameanza kunyamaza.

Siku moja Bi Kanga alishuka chini kabisa ya korongo, akachakura, akakuta udongo wenye ubaridi. Akachakura tena. Unyevu! Basi zikapigwa kelele hizo, "Maji! Maji! Maji!" mpaka wakaja mbio watatu: Simba, mwenye kiburi chake, Ngiri, mchimbaji, mwenye tumbo lake, na Sungura, ambaye mnamjua, sina haja ya kumweleza.

"Tuunde kampuni," alisema Sungura. "Tuchimbe kisima kwa pamoja, tunywe kwa pamoja."

"Na nani atakuwa mwenyekiti?" aliuliza Simba, akiwa ameshakaa kwenye kiti.

Wakakubaliana hivi. Kila mwanahisa atapewa kata moja, ile kata ya kibuyu yenye mpini, ya kutekea maji. Kata ndiyo hisa yake. Kila asubuhi maji ya kisima yatapandishwa juu kwenye shimo la mwamba, maana vifaranga hawawezi kushuka korongoni, na pale juu yatagawanywa sawasawa kwa hesabu ya kata.

"Na nani atayapandisha?" aliuliza Sungura.

Wote wakamtazama Ngiri. Ngiri akageuka nyuma kuangalia wanamtazama nani.

"Hapana," alisema Sungura. "Kanuni yetu iwe moja tu, fupi, hata Simba ataikumbuka: mwenye kata ni mwenye kata."

Wakacheka mpaka Ngiri akapaliwa. Maana kata ziko mbili, si ndiyo? Kuna kata ya kutekea, hiyo niliyoitaja, na kuna kata ya kichwani, ile pete ya majani anayojiwekea mtu utosini kabla ya kutwika mtungi. Wengine huiita ngata. Mwenye kata ya kuteka ndiye mwenye kata ya kutwika. Hisa moja, mtungi mmoja wa kupandisha kila siku. Asiyetwika hateki.

"Mimi nitwike mtungi?" alinguruma Simba. "Mimi?"

"Wewe kata ya majani huhitaji, Mheshimiwa," alisema Sungura. "Una manyoya ya kutosha. Mtungi utakaa kama yai kwenye kiota."

Simba akayagusa manyoya yake, akaona kumbe amesifiwa, akakubali. Bi Kanga ndiye aliyeshangilia kuliko wote, na wanasema kile kishungi kigumu kilichopo utosini kwa kanga mpaka leo ni alama ya mtungi. Mimi sikuwepo.

Kazi ikaanza. Ngiri alichimba kwa pembe, kwa pua, kwa magoti. Wakafika kwenye jiwe. Na hapo njaa ikamshika, akaacha kuchimba akalala chali.

"Jiwe hili si la tumbo tupu," alisema. "Nipeni chakula, nitalivunja. Msiponipa, mimi na jiwe tutalala hapa hapa, tuone nani atachoka kwanza."

Chakula hakikuwepo. Na hapo, waungwana, ndipo akatokea Bwana Fisi.

Siku ile kampuni ilipoundwa Fisi hakuwepo. Alikuwa msibani. Fisi hakosi msiba. Analia kuliko wafiwa, anakula kuliko wageni, na akiondoka anafungiwa na chakula cha njiani. Kwa miaka mingi alikuwa akifungiwa mtama, na kwa kuwa mtama hali, umejaa kwake mpaka darini. Vikapu kumi! Alikuwa akiupiga teke kila akitafuta mfupa.

"Poleni, jamani, poleni," alisema Fisi kwa sauti yake ya msibani. "Nasikia kampuni inaumwa njaa. Nitawakopesha mtama wangu wote."

"Kwa masharti gani?" aliuliza Sungura.

"Masharti! Mimi ni jirani yenu! Mvua ikinyesha mkavuna, mtanirudishia vikapu vyangu kumi, basi. Ila tu... kitu kidogo... kama nitapenda, siku yoyote nitakayochagua, deni langu litageuka kata. Badala ya kuwadai, nitakuwa mwenzenu. Si vizuri kuwa wenzangu?"

"Deni litageuka kata ngapi?"

"Inategemea bei ya kata gulioni siku hiyo," alisema Fisi, akitazama mawingu yasiyokuwepo.

Gulioni kulikuwa na Nyani, mchuuzi, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa juu ya kichuguu na kutangaza kila kitu kinauzwa kwa kiasi gani. Siku ile alikuwa ametangaza kwamba kata moja ya kisima, ingawa hakina maji bado, watu wanaitaka kwa kikapu kimoja cha mtama.

"Kwa hiyo kata kumi," alisema Simba. "Vikapu kumi, kata kumi. Rahisi! Tukubali."

"Kumi ikiwa ni leo," alisema Sungura. "Lakini hakusema leo. Amesema siku atakayochagua yeye. Kata ikipanda bei, atapata chache. Kata ikishuka, atapata nyingi. Mheshimiwa, huyu ni mkopeshaji ambaye sisi tukiharibikiwa yeye ananenepa. Kila asubuhi ataamka akituombea mabaya!"

"Mimi?" alisema Fisi, akafuta chozi. Chozi lilitoka kweli, ana mazoezi.

Bi Kanga akauliza kwa sauti ndogo: "Mimi nina kata moja. Wakija wenye kata nyingine, yangu itabaki moja?"

"Itabaki moja," alisema Simba. "Nani ataichukua? Moja ni moja!"

"Ngoja," alisema Sungura. Akakimbia, akarudi na papai. Papai zuri, jekundu ndani, na katika ukame ule sijui alilipata wapi, wala usimwulize. Akalikata vipande vinne, akampa kila mmoja kimoja. "Haya. Kila mtu ana kipande kimoja?"

"Kimoja," wakasema.

Akavirudisha, akavikata tena, akakata, akakata, mpaka vikawa vyembamba kama ukucha. Akampa Simba kimoja. "Na sasa una vingapi, Mheshimiwa?"

"Kimoja."

"Umepoteza kitu?"

"Sijapoteza kitu," alisema Simba. "Mimi papai sili."

Lo! Sungura alitaka kulia. Ngiri alikuwa ameshakula vilivyobaki, pamoja na maganda, akasema yeye ameelewa vizuri sana na kama lipo jingine angependa kuelewa tena.

Wakapiga kura. Simba akasema ndiyo, kwa sababu kwake kukataa mkopo ni dalili ya umaskini. Ngiri akasema ndiyo kabla hajaulizwa. Bi Kanga akainamisha kichwa.

"Shangazi, wewe umeelewa papai," alimwambia Sungura polepole. "Nimekuona."

"Nimeelewa, baba. Lakini hiyo ni hatari ya kesho, na Kitone ana kiu leo. Bila mtama Ngiri hachimbi. Ndiyo. Nasema ndiyo."

Sungura hakumlaumu. Akamgeukia Fisi. "Umeshinda. Ila anayetaka kuwa mwenzetu siku moja, aape leo kwa kanuni yetu. Ni moja tu: mwenye kata ni mwenye kata. Kila kata na kata yake, na atakayeshindwa na moja hanywi hata tone."

Fisi akasubiri aendelee. Sungura hakuendelea.

"Ndiyo hiyo tu? Mwenye kata ni mwenye kata?" Fisi akaangua kicheko. Alijisemea moyoni: hawa wajinga wametunga kanuni inayosema kitu kimoja mara mbili! Ni sawa na kusema mwenye mkia ni mwenye mkia. "Naapa! Kata na kata! Naapa tena! Mnataka niape mara ngapi?"

Simba, Ngiri na Bi Kanga walitaka kumweleza. Sungura akawakanyaga vidole, mmoja baada ya mwingine.

Basi mtama ukaja. Ngiri akala, akashiba, akalishukia jiwe kama mtu aliyetukanwa na jiwe. Likapasuka. Na maji yakatoka! Weee! Hayakuwa mengi, mitungi michache tu kwa siku, lakini yalikuwa baridi, matamu, ya kung'aa. Simba alicheza ngoma mpaka akasahau kuwa ana heshima. Bi Kanga alitwika mtungi wake akapanda nao huku vifaranga wakimwimbia, akajaza kata yake, na Kitone akanywa, akanywa, akanywa, akakaa kitako kwa uzito wa maji tumboni. Kisha akafungua mdomo akapiga kelele kubwa isiyo na maana yoyote. Bi Kanga alilia kwa furaha kusikia kelele ile.

Kumbe kuna mmoja asiyefurahi. Gulioni, Nyani alikuwa juu ya kichuguu akitangaza: "Kata ya kisima! Jana kikapu kimoja, leo vikapu vitano! Nani anauza? Hakuna anayeuza!"

Fisi akafanya hesabu kwa vidole. Vikapu kumi, kwa bei ya vitano vitano. Kata mbili. Mbili! Akahesabu upya kwa mguu mwingine. Mbili vilevile. Roho ikamuuma kweli. Mtu mwingine angengoja mvua arudishiwe mtama wake kwa amani, lakini Fisi, jamani, Fisi ni Fisi.

Asubuhi iliyofuata aliingia gulioni akipepesuka. Alikuwa tia maji tia maji, ulimi nje, masikio yameinama. Akaanguka katikati ya wauza viazi.

"Ala! Una nini, Bwana Fisi?"

"Maji," aliugua. "Maji ya kile kisima... nilionja kidogo tu... oo, tumbo! Oo, mkia wangu, unauhisi kama umelegea? Hebu uvute. Usivute sana!"

Hakuwa ameonja hata kidogo. Lakini wewe, ukisikia maji yanalegeza mkia, utayanunua? Kila mwenye mkia pale gulioni aliushika kwa mikono miwili. Kila aliyepeleka habari alitia chumvi yake. Kufika adhuhuri maji yalikuwa yanalegeza mikia. Kufika alasiri yanaangusha masikio. Jioni kulikuwa na pundamilia mmoja huko mbali ambaye ati alikunywa akaamka hana milia. Mwenyewe nani, hakuna aliyemwona.

"Kata ya kisima!" aliita Nyani, akishika mkia wake. "Vikapu vitano! Vitatu? Kimoja? Nusu? Nani anataka kwa konzi moja ya mtama? Jamani, konzi moja tu ya mkono, hamtaki?"

Fisi akaruka. Ugonjwa ulimtoka kama nguo. "Konzi moja! Nyani amesema konzi moja, nyote mmesikia! Leo ndiyo siku yangu. Nageuza!"

Akakimbia mpaka korongoni akitweta. Kikapu kimoja kina konzi mia. Vikapu kumi ni konzi elfu. Konzi elfu, kata elfu.

"Elfu?" Sungura alishika masikio yake. "Bwana Fisi, fikiri vizuri. Geuza nusu tu. Sehemu nyingine iache iwe deni, mvua ikinyesha upate mtama wako."

"Zote!"

"Geuza robo basi, mwenzangu. Nakuomba."

"Zote! Zote! Leo hii! Deni lote ligeuke!"

"Limegeuka," alisema Sungura, na akaenda nyuma ya jiwe, na huko nyuma ya jiwe ikasikika sauti ya mtu anayejizuia kucheka kwa kujiuma mkono.

Lakini Bi Kanga hakucheka, na ana haki. Maji ya siku ile yalikuwa yameshapandishwa na wale wanne tangu asubuhi, yako mwambani tayari. Fisi akadai mgawo wake pale pale; mtungi wa kumtwisha siku ile haukubaki, na mgawo ni kwa hesabu ya kata. Elfu zake, nne zao. Akachota, akachota, akajaza vibuyu vyake vyote, akaoga, akanawa miguu. Kisha akawaachia stahili yao. Bi Kanga alipeleka kata yake kwa vifaranga na ndani mlikuwa na unyevu tu, kama jasho. Wakubwa walipigania mpini. Kitone alifika wa mwisho, akalamba kibuyu kikavu, akanyamaza.

Simba naye alitazama ndani ya kata yake muda mrefu. Akaipindua. Ukadondoka mdudu.

"Sungura," alisema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Sasa nimeelewa lile papai."

"Kata yangu bado ni moja," alisema Bi Kanga. "Moja, kama mlivyosema. Mwanangu hataiona kesho kutwa kwa hiyo moja yenu! Mimi ndiye niliyeyapata maji haya, kwa makucha yangu haya!"

"Nimrarue?" aliuliza Simba.

"Usimrarue," alisema Sungura. "Ametimiza masharti. Shangazi, mfunike mwanao kivulini, mpe anyonye huu mzizi wenye maji, kwa usiku mmoja utamtosha. Nanyi wawili mnisaidie kusuka majani. Majani mengi."

Kulipokucha Fisi alifika amevaa mkufu wa mifupa, anatembea kama bwana harusi. Nyika nzima ilikuwa imekusanyika ukingoni, mpaka Nyani alishuka kichuguuni kwake.

"Karibu, Mwanahisa Mkuu!" aliita Sungura. "Nyamazeni, Mwanahisa Mkuu anafika! Tumekuandalia kata zako."

"Nimeleta vibuyu vya kuwekea maji," alisema Fisi. "Kata zangu ziko wapi?"

Ngiri akaondoa matawi. Kulikuwa na mlima. Mlima wa pete za majani, zimesukwa vizuri, zimepangwa, zimefika urefu wa twiga aliyenyoosha shingo.

"Hizi si kata," alisema Fisi.

"Hizi si kata?" Sungura aliwageukia watu. "Jamani, hii inaitwaje, ile ya kujiwekea kichwani ukitaka kutwika mtungi?"

"Kataaa!" wakaitikia wote.

"Mwenye kata?"

"Ni mwenye kataaa!"

Hapo ndipo Fisi alipoelewa. Mdomo ulibaki wazi, nzi akaingia, akatembea, akatoka.

"Kata moja ya kuteka, kata moja ya kutwika," alisema Sungura. "Mtungi mmoja kwa kila hisa, kutoka chini mpaka juu, kila siku ya Mungu. Sisi yetu ni mmoja mmoja, tumeshapandisha. Umebaki wewe. Elfu tu. Na ulivyoapa kwa furaha! Ulitaka hata kurudia."

Fisi akajikaza kisabuni. Aliwaza: nitapandisha tu, halafu maji yote ni yangu. Akavaa kata ya kwanza, akashuka, akatwika mtungi. Sasa mnaujua mgongo wa fisi ulivyo, mbele juu, nyuma chini kama paa la banda la kuku. Kila akipanda ule mwinuko mtungi uliteleza kutoka kichwani, ukapita shingoni, ukashuka mgongoni, ukamwagikia mkiani, ukarudi kisimani mbio kuliko alivyoutoa.

"Huo hauhesabiki!" waliimba vifaranga kutoka kivulini. Hata Kitone alisogea kuona, kichwa kimeinama upande.

Fisi akashuka tena. Akapanda. Akamwaga. Akatembea kinyumenyume ili mtungi ukae, akaingia kwenye miiba. Akatambaa kwa magoti kama Ngiri, Ngiri akamwambia anakosea. Jua lilipofika utosini alikuwa amefikisha juu mitungi miwili na nusu, na ile nusu walibishana.

Kisha akachungulia kisimani, akapiga ukelele. "Maji yenyewe yamekwisha! Kisima hiki kinatoa mitungi michache tu kwa siku! Mitungi elfu nitaitoa wapi?"

Sungura akashuka mpaka alipo, akamwinamia sikioni, lakini alisema kwa sauti ya kusikika mpaka gulioni.

"Kumbe! Na wewe ulidhani kata zikiwa elfu na maji yataongezeka?"

Nyika nzima ilianguka chini kwa kicheko. Twiga alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, na kwikwi ya twiga, mpaka ifike juu, ni safari.

"Basi sitaki!" alilia Fisi. "Sitaki kata! Nirudishieni mtama wangu!"

"Mtama upi?"

"Niliowakopesha! Vikapu kumi! Nawadai!"

"Ulikuwa unatudai," alisema Sungura. "Uligeuza. Ulisema zote, zote, leo hii, deni lote ligeuke. Mimi nilikuomba uache nusu. Nilikuomba uache hata robo. Wewe sasa si mdai wetu, ndugu yangu, wewe ni mwenzetu. Na mwenzetu hadai, mwenzetu anatwika."

Fisi akamkimbilia Nyani. "Nauza kata! Elfu zote! Konzi moja moja!"

"Za maji yanayolegeza mkia?" aliuliza Nyani.

"Yale yalikuwa maneno! Maji ni mazuri! Ni matamu! Hayana kitu, nilidanganya mimi, nilijilegeza mwenyewe!" Akapanda mwambani akatangaza kwa nguvu zake zote, mpaka kule kwa pundamilia wakasikia. "Maji ni matamuuu!"

"Onja tuone," alisema Nyani.

Fisi alilifikia shimo la mwamba, akainama, pua imeshagusa ubaridi wa maji. Mkono wenye makucha ukatua begani mwake, taratibu.

"Asiyetwika," alisema Simba.

"Hateki," alijibu Fisi, na machozi yaliyomtoka safari hii hayakuwa ya msibani.

Alizitupa kata zake zote pale pale, hisa na majani, akateremka nyikani mkia katikati ya miguu, na harufu ya msiba wa mbali ikamchukua. Hisa wakazifuta. Za majani vifaranga walizigawana, wakajenga nazo nyumba, wakazivaa shingoni, wakazikimbiza kama magurudumu. Kampuni ikabaki na kata nne, na maji yale yale ya mitungi michache.

Bi Kanga alijaza kata yake mpaka ukingoni, akaishika kwa mbawa mbili asimwage hata tone, akaiweka chini mbele ya Kitone. Kitone akaitazama. Akatumbukiza kichwa, akatumbukiza shingo, akatumbukia mzima. Wakamtoa kwa mguu. Alipopata pumzi alipiga kelele ile yake isiyo na maana, na nyika nzima ikaipigia makofi.

Msimu uliofuata alipita Kunguru, amevaa kizibao cheupe, anaongea vizuri sana. Alikuwa na kamba mpya na ndoo, akasema anakopesha, masharti si makubwa, ila tu, kitu kidogo, kama akipenda siku moja deni liweze kugeuka.

Ngiri akafungua mdomo, Simba akaufunga kwa mkono. Hakumwuliza Kunguru swali lolote. Aligeuka tu akaita, "Leteni papai!"

Likaletwa. Kunguru akashangaa kumwona Simba, mfalme mzima, analikata mwenyewe, vipande vinne, vikubwa, vya sawasawa. Kimoja akampa Ngiri, kimoja Sungura. Kimoja akakiweka mbele ya Bi Kanga, na Kitone akapanda juu yake kama mtu anayepanda kitanda. Kimoja akakichukua yeye, akafumba macho, akakila chote, na mbegu zake, yeye ambaye papai hali.

Kisha akamwonyesha Kunguru kisu.

"Haya, mgeni," alisema. "Tuoneshe hapa utakata wapi."

Kunguru akalitazama ganda tupu, akakumbuka ana shughuli sehemu.

Nimemaliza. Mnaruhusiwa kukohoa.